Mshipa, Homoni na Uzee: Istilahi za Mwitiko wa Mishipa ya Damu

1. Madhumuni

Makala haya yamekusudiwa kuwasaidia wafasiri, walimu na watumishi wa umma wanaopaswa kueleza kwa Kiswahili jambo moja la elimu ya mwili ambalo hutokea mara kwa mara katika vitabu vya shule, miongozo ya afya na vijikaratasi vya hospitali: jinsi mishipa ya damu ya mtu anayezeeka inavyoitika homoni zinazomwagwa mwilini wakati wa dhiki. Jambo lenyewe laweza kueleweka na kila mtu. Ugumu uko katika maneno. Mshipa, presha, mkazo na mawazo ni maneno yenye kazi nyingi katika lugha ya kila siku, na kila moja huja na kazi zake zote hata linapoitwa kwa kazi moja tu.

Tuchukue sentensi ifuatayo, ambayo tumeitunga kwa ajili ya mjadala huu: "Mishipa ya wazee hukaza kwa sababu ya mawazo." Sarufi yake haina kasoro, na msomaji wa maandishi ya afya atakubali kwamba inafanana na nyingine alizopata kuziona. Hata hivyo, haisemi ni mishipa gani. Haisemi kama mishipa hiyo imebana au imekakamaa. Tena inamfanya msomaji aamini kwamba asiye na mawazo hana la kuangalia. Tutaifuata sentensi hii neno kwa neno, tueleze elimu iliyo nyuma ya kila neno, kisha tupendekeze istilahi.

2. Mshipa

Neno mshipa ni la kale na lina ukoo mkubwa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 tayari ililionyesha kuwa na maana nyingi, na hali haijabadilika sana. Mshipa waweza kuwa njia ya damu. Waweza kuwa uzi wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo. Waweza kuwa kano inayounganisha msuli na mfupa. Aidha, katika sehemu nyingi mtu akisema kwamba fulani ana mshipa, wasikilizaji hawafikirii damu hata kidogo, bali ngiri au busha. Kwa hiyo mgonjwa anayesoma kwamba "mshipa wake una kasoro" aweza kuelewa jambo ambalo daktari hakulikusudia kabisa.

Kwa maana ya jumla tunapendekeza mshipa wa damu, bila kuacha neno damu hata pale sentensi inapoonekana kuwa ndefu. Kwa aina za mishipa hiyo, maneno yaliyokwisha kuingia katika vitabu vya sayansi yanatosha: ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, vena ni mshipa unaorudisha damu moyoni, kapilari ni mshipa mwembamba sana unaounganisha ateri na vena. Uzi wa fahamu uitwe neva, na kiungo cha msuli na mfupa kiitwe kano. Wapiga chapa na wasahihishaji waangalie sana jozi ya vena na neva, kwa kuwa konsonanti mbili zikibadilishana mahali, damu hugeuka kuwa fahamu, na msomaji hawezi kujua kwamba ni kosa la chapa.

Wapo wanaolalamika kwamba ateri ni neno la kigeni lisilomweleza Mswahili chochote. Jibu letu ni kwamba hata huko lilikotoka halikueleza ukweli. Wagiriki wa kale walipowapasua wafu waliikuta mishipa hiyo tupu, wakadhani kuwa hupitisha hewa, na jina lake linatokana na dhana hiyo. Mwaka 1628 William Harvey, tabibu wa Uingereza, alichapa kitabu kilichoonyesha kwamba damu huzunguka ikitoka moyoni kwa ateri na kurudi kwa vena. Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Italia akaziona kapilari kwa hadubini. Elimu ilisahihishwa, lakini jina halikubadilishwa. Funzo kwa waundaji wa istilahi ni kwamba thamani ya neno la kitaalamu hutegemea ufafanuzi tuliokubaliana kuliko asili yake.

3. Homoni na dhiki

Neno homoni lilianza kutumiwa na Ernest Starling mwaka 1905 mjini London, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kusukuma. Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikaingia katika damu na kupeleka ujumbe kwenye viungo vilivyo mbali. Wafasiri wengine hupenda kuiita kichocheo. Hatulipendekezi neno hilo kwa sababu mbili. Kwanza, kichocheo kimekwisha kupewa kazi nyingine katika kemia. Pili, si kila homoni huchochea. Nyingine huzuia, na homoni ile ile yaweza kuchochea mahali pamoja na kutuliza mahali pengine, kama tutakavyoona.

Homoni zinazotuhusu hapa ni tatu. Adrenalini hutoka katika tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, na jina lake lina maana ya kitu kilicho karibu na figo. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, mkemia wa Kijapani aliyefanya kazi Marekani, alitangaza kwamba ameipata ikiwa safi katika chembe za fuwele. Noradrenalini hutolewa zaidi na ncha za neva zinazoifikia mishipa ya damu; Ulf von Euler wa Sweden aliitambua mwaka 1946 kuwa ndiyo ujumbe wa neva hizo. Ya tatu ni kotisoli, ambayo nayo hutoka katika tezi za adrenali, na miongoni mwa kazi zake ni kuifanya mishipa ya damu iitike vizuri wito wa hizo nyingine mbili.

Sasa hizi ni homoni za nini? Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal, alianza kuandika juu ya jambo hili mwaka 1936, na baadaye alilitumia kwalo neno ambalo wahandisi walilitumia kwa nguvu inayobeba chuma au jiwe. Kiswahili kimelitafsiri neno hilo kwa njia nyingi: mkazo, mfadhaiko, msongo, msongo wa mawazo, na wakati mwingine mawazo tu.

Tuyapime maneno hayo. Mkazo ni neno zuri la uhandisi na la fonetiki, lakini katika habari za mishipa huzaa utata, maana msomaji hawezi kujua kama kinachokaza ni mshipa au ni maisha. Mfadhaiko na msongo wa mawazo huonyesha hali ya moyo na akili peke yake. Lakini mwili humwaga adrenalini hata pasipokuwa na wazo lolote: mtu anapotokwa na damu nyingi, anapopigwa na baridi kali, sukari inapopungua katika damu. Hata kuinuka kitandani kila asubuhi huongeza noradrenalini. Mwili wa mtu aliyelala usingizi wa dawa akipasuliwa hutoa homoni hizi, ingawa hana habari ya kisu.

Kwa hiyo tunapendekeza dhiki, na homoni za dhiki. Neno hili ni la kawaida, lina upana unaotakiwa, na linaukubali mwili na akili pamoja. Wahenga wetu waliposema kwamba baada ya dhiki faraja, hawakuifunga dhiki ndani ya kichwa cha mtu. Msongo wa mawazo ubaki kuwa jina la aina moja ya dhiki. Ama mawazo peke yake, yaachwe kabisa katika maandishi ya tiba, kwa kuwa mtu mwenye mawazo aweza pia kuwa mtu mwenye busara.

4. Kipokezi, mbano na mtanuko

Homoni ikifika kwenye mshipa wa damu haiusukumi mshipa kwa nguvu zake. Hushikwa na sehemu maalumu iliyo juu ya seli, na sehemu hiyo ndiyo inayopeleka habari ndani. Sehemu hiyo tunaiita kipokezi. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist wa Marekani alieleza kwamba vipokezi vya adrenalini ni vya aina mbili, akaviita kwa herufi za Kigiriki alfa na beta. Ufafanuzi wake ulitatua fumbo la siku nyingi, yaani jinsi kemikali moja iwezavyo kuleta matokeo mawili yanayopingana.

Ukuta wa ateri una msuli laini uliouzunguka. Adrenalini ikipokewa na kipokezi cha alfa, msuli huo hujikunja na njia ya damu hupungua. Ikipokewa na kipokezi cha beta cha aina ya pili, msuli hulegea na njia ya damu huongezeka. Ndiyo sababu mtu aliyeshtuka hupauka ngozi, kwa kuwa mishipa ya ngozi ina alfa nyingi, na wakati huo huo misuli ya miguu yake hupata damu zaidi ya kukimbilia. Dhiki hufunga milango mingine na kufungua mingine.

Hapa lugha yatutaka tutenge vitenzi vinne ambavyo mara nyingi huchanganywa.

Kubana ni tendo la muda: msuli hujikunja, njia hupungua, kisha hali hurudi. Jina la tendo hilo liwe mbano. Kutanuka ni kinyume chake, na jina lake liwe mtanuko. Kulegea kutumike kwa msuli peke yake; msuli ndio unaolegea, mshipa ndio unaotanuka. Anayeandika kwamba "mishipa imelegea" humtia msomaji hofu, kwani kilicholegea katika lugha ya kawaida kimekwisha nguvu. Kukakamaa ni badiliko la kudumu katika ukuta wenyewe, si tendo la msuli. Kusinyaa, ambako wengine hukutumia badala ya kubana, ni tabia ya jani lililokosa maji na halifai hapa.

Neno la tano ni mwitiko. Tumelichagua badala ya jibu kwa sababu jibu hutolewa kwa swali, na mwitiko hutolewa kwa wito. Homoni haiulizi, huita. Tena lugha yetu hutofautisha vizuri kati ya aliyesikia wito akainuka, aliyesema "naam" asiinuke, na ambaye hakusikia. Tofauti hizo tatu ndizo hasa tunazohitaji ili kueleza uzee.

5. Uzee hubadili nini?

Mabadiliko ni zaidi ya moja, na mfasiri asiyachanganye.

La kwanza ni kukakamaa. Ukuta wa ateri kubwa una nyuzi za elastini zinazovutika na kurudi, na nyuzi za kolajeni zisizovutika kwa urahisi. Kadiri miaka inavyopita, elastini hukatika na kolajeni huongezeka. Ateri iliyokakamaa haipokei vizuri msukumo wa moyo. Kwa hiyo shinikizo la wakati wa pigo hupanda, na lile la kati ya mapigo, baada ya kiasi cha miaka 50 au 60, huelekea kushuka. Homoni hazihusiki moja kwa moja na jambo hili.

La pili ni kufifia kwa mwitiko wa beta. Majaribio ya miaka ya 1970 juu ya mishipa ya wanyama, na baadaye vipimo vya vena za mkono wa binadamu, yalionyesha kwamba dawa zinazoigiza adrenalini kwenye vipokezi vya beta huitanua mishipa ya wazee kwa kiasi kidogo kuliko ya vijana. Lakini nitrogliserini, dawa inayoulegeza msuli bila kupitia kipokezi cha beta, iliendelea kuitanua mishipa hiyo vizuri. Maana yake ni kwamba uwezo wa msuli kulegea bado upo. Si lazima hata idadi ya vipokezi ipungue. Kinachodhoofika ni upelekaji wa habari kutoka kwenye kipokezi hadi ndani ya seli. Wito umefika mlangoni, lakini haujafika chumbani.

La tatu linahusu endotheli, yaani utando mwembamba wa seli unaoufunika mshipa kwa ndani. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani alionyesha kwamba utando huu hutoa kitu kinachoulegeza msuli. Baadaye ilijulikana kuwa kitu hicho ni gesi ya nitriki oksidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa mtu anayezeeka nitriki oksidi inayopatikana hupungua, na hivyo mshipa hukosa msaada mwingine wa kutanuka.

La nne ni wingi wa wito. Kiasi cha noradrenalini katika damu huongezeka kwa umri, kwa sababu neva huita mara nyingi zaidi na mwili hukawia kuisafisha. Kipokezi kinachoitwa bila kupumzika huzoea, kama mtu aliyekaa karibu na kinu cha kusaga nafaka asivyosikia tena ngurumo yake. Hii ni moja ya sababu zinazotolewa kuhusu kufifia kwa beta.

Ama kuhusu alfa, uangalifu wahitajika. Katika vena za mkono, mbano uletwao na vipokezi vya alfa haukuonekana kubadilika sana kwa umri. Katika ateri za mkono wa wazee wenye afya, baadhi ya uchunguzi umekuta kwamba mwitiko wa alfa nao umepungua kidogo. Kwa hiyo si sahihi kuandika kwamba mishipa yote ya wazee hubana zaidi. Lililo sahihi ni kwamba mizani imebadilika: yale yanayotanua yamepungua nguvu kuliko yale yanayobana. Dhiki huja kama kawaida, lakini faraja ya mshipa huchelewa.

Pamoja na hayo, vipimashinikizo vya asili vilivyo shingoni na karibu na moyo hupoteza wepesi wake, na moyo wenyewe hauharakishwi na adrenalini kama zamani. Ndiyo maana mzee akisimama ghafla huweza kuona kizunguzungu au hata kuanguka. Waganga husema shinikizo limeshuka kwa kusimama iwapo, katika dakika 3, la juu limepungua kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, au la chini kwa 10 au zaidi. Basi mishipa ile ile inayolaumiwa kwa kupandisha shinikizo huweza pia kushindwa kulizuia lisishuke. Sentensi yetu ya mwanzo haina nafasi ya ukweli huu.

6. Presha, na hatari ya neno

Neno presha limeenea, nasi hatutaki kulifukuza mitaani. Lakini lina maana mbili zinazogongana. Mtu husema "amenipandisha presha" akiwa na maana ya kukasirishwa. Kutokana na usemi huo huzaliwa imani kwamba presha ni hasira, na kwamba aliyetulia amepona. Ukweli ni kwamba shinikizo kubwa la damu mara nyingi halina dalili yoyote, na mtu mtulivu kabisa aweza kuwa nalo kwa miaka.

Hapa ndipo kazi ya mfasiri inapogusa uhai. Zipo dawa zinazozuia vipokezi vya beta, ya kwanza kuenea ikiwa propranololi, iliyotokana na kazi ya James Black wa Uingereza katika miaka ya 1960. Naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Dawa za kundi hili tunapendekeza ziitwe vizuia-beta. Mgonjwa anayezitumia hatakiwi kuziacha ghafla bila shauri la daktari, kwa sababu moyo waweza kurudiwa na wito wa adrenalini kwa nguvu zaidi, na kwa mwenye ugonjwa wa ateri za moyo jambo hilo ni la hatari. Mfasiri akiziita "dawa za kutuliza mawazo", amemwambia mgonjwa bila kukusudia kwamba siku mawazo yatakapokwisha, dawa nazo ziishe.

Tatizo jingine ni "presha ya juu". Kwa mgonjwa, presha ya juu ni ugonjwa. Kwa mwuguzi, ni tarakimu ya kwanza kati ya mbili zinazoandikwa. Kwa kuwa kwa wazee tarakimu ya kwanza hupanda huku ya pili ikishuka, yafaa kila moja iwe na jina lake. Tunapendekeza shinikizo la sistoli kwa lile la wakati moyo unapopiga, na shinikizo la diastoli kwa lile la wakati moyo unapotulia. Ugonjwa uitwe shinikizo kubwa la damu, na katika mazungumzo na wagonjwa presha iruhusiwe, mradi ifafanuliwe mara ya kwanza.

7. Kuzeeka, si kuchakaa

Mwisho ni neno wazee. Kwetu mzee ni cheo kabla ya kuwa umri, na maandishi yanayosema "mishipa ya wazee imechakaa" yanakosa adabu na yanakosa usahihi pia. Nguo huchakaa, mwili huzeeka. Kuzeeka ni mwendo, na uzee ni hali. Pale makala ya kisayansi yanapozungumzia mwendo, yafaa kuandika kuzeeka kwa mishipa ya damu. Pale yanapozungumzia watu, watu wenye umri mkubwa. Mazoezi ya mwili yanayofanywa kwa kawaida husaidia kulinda kazi ya endotheli hata katika umri huo, jambo ambalo neno kuchakaa lingelificha.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Ateri: mshipa wa damu unaotoa damu moyoni.
Endotheli: utando wa seli unaoufunika mshipa wa damu kwa ndani.
Homoni za dhiki: homoni zinazomwagwa mwili unapokabiliwa na jambo lolote linalouvuruga, la nje au la ndani.
Kipokezi: sehemu ya seli inayoshika homoni na kupeleka ujumbe wake ndani ya seli.
Kizuia-beta: dawa inayozuia kipokezi cha beta kisishike homoni.
Mbano: kupungua kwa njia ya damu kwa kujikunja kwa msuli laini.
Mtanuko: kuongezeka kwa njia ya damu kwa kulegea kwa msuli laini.
Mkakamao: ugumu wa kudumu wa ukuta wa mshipa wa damu.
Mwitiko: badiliko linalofanywa na kiungo baada ya kupokea wito wa homoni au neva.
Shinikizo la sistoli; shinikizo la diastoli: kama yalivyoelezwa hapo juu.
Vena: mshipa wa damu unaorudisha damu moyoni.

Kwa istilahi hizi, sentensi tuliyoanza nayo yaweza kuandikwa hivi: "Kadiri mtu anavyozeeka, ateri zake hukakamaa, na mishipa yake ya damu hupunguza mwitiko kwa ujumbe wa homoni za dhiki unaoitaka itanuke." Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini mwalimu aweza kuifundisha, mwuguzi aweza kuieleza, na mgonjwa hawezi kuitumia kama sababu ya kuacha dawa.

Mapendekezo haya si amri. Tunawaomba wasomaji wanaofundisha, wanaotafsiri na wanaohudumia wagonjwa wayajaribu katika kazi zao, kisha watuandikie yale yaliyokubalika na yale yaliyokataliwa na masikio ya watu, pamoja na maneno ya kwao ambayo huenda yanafaa zaidi.